Kabla Hujanunua Sensa: Gari Linapolalamikia Mafuta Haba

Taa ya injini imewaka, mashine ya kusomea makosa imechomekwa, imetoa namba ya kosa P0171, na kabla hujauliza swali fundi keshapiga simu duka la spea kuulizia bei ya sensa ya oksijeni. Mwambie angoje. P0171 inasema kompyuta ya gari imeona hewa imezidi mafuta kupita kiasi inachoweza kusawazisha. Injini ya petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, na sensa hiyo ya oksijeni, iliyo kwenye ekzosti, ndiyo hupiga kelele hesabu hiyo ikiharibika. Mara nyingi inasema kweli. Kuibadilisha ni kumfuta kazi mlinzi kwa sababu amemwona mwizi.

Kwa hiyo kabla nati yoyote haijafunguliwa, yaweke sawa haya.

Usikubali kosa lifutwe kabla halijasomwa lote. Taa inapowaka, kompyuta huhifadhi hali ya wakati ule: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Zipige picha kwa simu yako. Kuchomoa betri pia hufuta, kwa hiyo usimruhusu mtu “ajaribu kuchomoa betri kidogo tuone”.

Uwe na kisomaji chako cha makosa. Kile kidude cha Bluetooth cha ELM327 ni rahisi kuliko sensa yoyote utakayouziwa, na magari mengi ya miaka ya karibuni kutoka Japani hukubali kuongea nacho. Ya zamani mengine hugoma; jaribu kabla ya kulipa.

Injini ipate moto. Namba zilizosomwa injini ikiwa baridi hazina maana, kwa sababu kompyuta bado haijaanza kuisikiliza sensa. Ngoja maji yafike nyuzi 80 na kitu, kisha zima AC, taa na redio.

Halafu soma marekebisho ya mafuta. Ziko namba mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu, nawe uzijumlishe. Zikicheza kati ya -10 na +10 kwa asilimia, hakuna la kukutia wasiwasi. Zikipanda upande wa kujumlisha, kompyuta inaongeza mafuta kufidia upungufu. Zikikaribia 25 au kupita, magari mengi huwasha taa. Soma gari likiwa limesimama, kisha kanyaga hadi mizunguko 2,500 na uishikilie hapo. Ikiwa namba ni mbaya gari likinguruma tu, na nzuri ukikanyaga, kuna mahali hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: paipu ya vakyumu, gasketi ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini ndani ya manifodi), bomba la kwenda kwenye busta ya breki. Tundu halikui ukikanyaga, ila hewa halali inakuwa nyingi hata ile ya wizi isionekane. Ikiwa ni kinyume chake, nzuri ukiwa umesimama na mbaya ukipanda mlima wa Mazeras, shuku pampu, filta ya mafuta, injekta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

(Haya ni ya magari yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, MAF. Yale yanayopima presha ya manifodi hufanya vingine: hewa ikivuja mara nyingi injini hupandisha mizunguko yenyewe, na mchanganyiko usiharibike sana. Jua lako ni la aina gani kabla hujaanza kubishana na fundi.)

Sasa jambo ambalo watu hulipita, nami nimemwona mtu likimla pesa. Lipime gari katika hali ileile linayolalamikia.

Shemeji yangu anaendesha teksi, Fielder, anaishi Likoni na kazi yake iko kisiwani Mombasa. Taa yake ilikuwa inawaka kwenye foleni ya feri, karibu kila mara. Akaenda gereji moja ya mjini. Sensa ya oksijeni ikabadilishwa, taa ikazima, siku chache baadaye, foleni ileile, imerudi. Injekta zikaoshwa. Imerudi. Pampu ya mafuta ikatolewa ndani ya tangi ikawekwa nyingine, na hiyo si pesa ya chai kwa mtu wa teksi. Imerudi. Kila mara fundi alilijaribu akiwa ameliweka kwenye P pale uani, au akalizungusha mtaani asubuhi barabara ikiwa nyeupe, na namba zikatulia. Wakalipiga hata moshi, ile mashine ya kusukuma moshi kwenye manifodi kutafuta mavujo. Injini ikiwa imezimwa, moshi haukutoka popote. Ikafika mahali anaambiwa atafute kompyuta nyingine kabisa, na lawama nyingine ikarushwa kwa vituo vya mafuta vya ng'ambo ile.

Tukampeleka kwa mzee mmoja Mikindani. Hakugusa kitu. Aliuliza tu, “Taa huwaka ukiwa wapi, mwanangu, na unafanya nini?”

“Kwenye foleni ya feri, mzee. Niko kwenye D, nimekanyaga breki, AC inakwenda.”

“Basi tutengeneze foleni.”

Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, hendibreki juu, shemeji ndani na mguu kwenye breki, watoto wote wakaondolewa mbele ya gari. Kwenye P namba ilikuwa kama 6. Akamwambia aingize D. Injini ikajivuta upande, ukaiona kwa macho kabisa inainama kama inataka kutoka, na namba ikaanza kupanda: 12, 17, ikapita 20. Mzee akiwa amesimama ubavuni akainamisha kichwa, akasema anasikia msiso. Akazima, akafungua ule mpira mpana wenye mikunjo unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, akaukunja mkononi. Upande wa chini, katikati ya mikunjo miwili, kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ukiuachia mpira unajifunga, huoni kitu. Ukiuvuta unafunguka mdomo.

Maunti ya injini, ile inayoishikilia isicheze, ilikuwa imekufa. Ndani ya foleni, gari liko D na breki imekanyagwa, injini ilikuwa inainama na kuuvuta mpira, ufa unafunguka, hewa inaingia baada ya kupita sensa, haijahesabiwa na mtu. Ukirudi P injini inakaa sawa, ufa unajifunga, na moshi wa gereji unapita salama bila kutoka. Mzee alikataa kubadilisha mpira peke yake. Alisema bila maunti mpya, mpira mpya nao utapasuka vilevile. Vyote viwili viliwekwa, na bei yake pamoja haikufika ya ile pampu.

Hivyo ukienda kwa fundi usimwambie “taa inawaka”. Mwambie inawaka wapi, kwenye gia gani, AC iko au haiko, gari limetoka wapi, limesimama au linapanda. Andika kwenye simu ukiweza.

Yaliyobaki ni mafupi. Kagua kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili. Kwenye injini nyingi, kikiwa hakijakaa sawa hewa inapita hapo na taa inawaka. Kagua klampu za ule mpira kila mtu anapotoka kubadilisha filta ya hewa, kwa maana wengi hawazikazi. Filta ya hewa chafu yenyewe haileti kosa hili, kwa hiyo asikuuzie hiyo kwa jina la P0171. Sikiliza ekzosti asubuhi injini ikiwa baridi: kama inavuja kabla ya sensa, inavuta hewa ya nje na sensa inadanganywa. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, basi chomoa plagi ya waya ya sensa ya hewa uangalie rangi ya kijani kwenye pini kabla ya kuihukumu sensa yenyewe. Sensa hiyo ikiwa chafu husafishwa kwa dawa yake maalum, haiguswi kwa kidole wala kitambaa, na dawa ya kusafishia breki isiikaribie.

Kuhusu pampu: isibadilishwe bila kupimwa presha. Injini ya 1NZ ya kina Fielder na Probox inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343. Fundi asiye na geji ya presha anabahatisha kwa pesa yako. Na kabla ya kufungua paipu ya mafuta presha itolewe kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha uondoe waya wa betri. Hapo namba zote uwe umeshazinakili.

Usimruhusu mtu apulizie petroli wala dawa ya kabureta kutafuta mavujo juu ya ekzosti yenye moto. Najua wanafanya. Nimeona nyusi za watu zikiungua. Kizima moto kiwe karibu, kazi ifanyiwe nje penye upepo, na anayevuta sigara akavutie kwingine.

Ukishatengeneza, futa kosa, kisha tembeza gari siku kadhaa katika zile hali zake mbaya, foleni na mlima, ndipo usome tena namba ya muda mrefu. Haishuki kwa saa moja. Taa ikianza kumemeta badala ya kuwaka tu, injini inamisi vibaya na unaunguza katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosti. Toa gari barabarani uite mtu. Usiahirishe kwa miezi kwa sababu “bado linatembea”, maana mchanganyiko mwepesi unapanda joto na valvu haziungui kwa kelele. Tangi lisikae likiwa linawaka taa ya akiba, pampu hupozwa na mafuta yenyewe. Spea ya zamani uliyotolewa uidai, hata kama imechakaa, uondoke nayo. Na ukiwa kwenye foleni ya feri na kidude chako kimechomekwa, acha kutazama simu, gari la mbele likisogea nawe sogea.