Sava ya duka la mtandaoni, anza na hesabu ya picha na umeme kabla hujatoa hela

Watu wengi wakinitafuta kuhusu sava, yani kompyuta inayobeba tovuti na kuwahudumia wanaoingia, swali la kwanza ni "ninunue mashine gani", mi nawarudisha nyuma kidogo nawauliza una bidhaa ngapi, picha ngapi, na siku ya ofa wanaingia watu wangapi kwa mpigo. Bila hayo utanunua kwa macho.

Chukulia duka la nguo la Kariakoo lililokulia Instagram, sa hivi linataka tovuti yake ya WordPress na WooCommerce (programu ya kutengeneza tovuti na kiongezi chake cha duka). Bidhaa 500, kila moja picha 4, picha ya simu ina kama MB 3, tayari hizo ni GB 6, na mteja akifungua picha 20 tu ashakula MB 60 za bando lake, anafunga anaondoka. Zipunguze kwanza, zigeuze ziwe WebP, aina ya picha nyepesi za wavuti, za KB 200 hivi, zile GB 6 zinashuka mpaka MB 400 na yule mteja anatumia MB 4. Mzigo umepungua mara 15 na hujatoa hata shilingi.

Sasa mashine. Najua zile sava za Dell PowerEdge na HPE ProLiant zilizotumika zinavutia, prosesa mbili, RAM kibao, bei inaongeleka. Ila piga hesabu ya LUKU: sava inayokula wati 150 ikiwaka saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku, yani 108 kwa mwezi, na ule umeme wa bei nafuu wa majumbani mwisho wake ni uniti 75. Bado hujaweka UPS (betri ya akiba), hujaweka kiyoyozi, na umeme ukikatika usiku duka lako limefungwa nchi nzima kwa sababu ya transfoma ya mtaani kwenu. Sava ya ofisini ifanye kazi za ofisini, mfumo wa stoo, kamera, nakala ya mafaili. Ukiinunua kwa kazi hizo chukua yenye RAM ya ECC, inayojirekebisha makosa madogo, na diski mbili kwenye RAID 1, yani zote zinaandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Duka lenyewe liweke kwenye VPS, yani kipande cha sava unachokodi kwenye kituo cha kampuni. Kwa ukubwa huo anza na RAM GB 4, kori 2 (viini vya prosesa) na diski ya NVMe, SSD ya kasi zaidi, na hela ikibana usipunguze RAM, maana kila mteja anayefika kwenye malipo anashika prosesi yake ya PHP, lugha inayoendesha WordPress, na databesi inayotunza bidhaa na oda nayo inataka nafasi yake, RAM ikijaa mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na hapo ndo utasikia "mbona tovuti yenu inazunguka tu". NVMe kwa sababu SSD za SATA zinaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kawaida inafika 3,000 na kitu.

Iwe wapi? Afrika Kusini ni karibu kuliko Ulaya, Azure ya Microsoft wapo Johannesburg tangu 2019, AWS ya Amazon Cape Town tangu 2020, Google wakafungua Johannesburg 2024. Lakini kumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika, sisi huku tulikaa siku kadhaa intaneti inasuasua. Ndo maana mbele ya sava weka CDN, yani mtandao wa vituo vinavyotunza nakala za picha zako sehemu nyingi, Cloudflare wana vituo Nairobi na Mombasa, picha zinatokea karibu na mteja.

Picha usizijaze kwenye diski ya VPS, ziweke kwenye klaudi, kwenye ghala la mafaili kama S3 ya AWS au R2 ya Cloudflare. Hapa angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakioni, bei ya kuhifadhi ni ndogo, hela inaenda kwenye data inayotoka. AWS wanakupa GB 100 za bure kutoa kwa mwezi, zikizidi unalipa kila GB, R2 hawatozi data kutoka. Duka linaloonyesha picha kutwa nzima, tofauti hiyo utaiona kwenye bili.

Bakapu, yani nakala ya akiba. Tafadhali hii isikilize. Nilishawahi kupoteza oda za siku tisa kwa sababu bakapu ilikuwa kwenye sava ileile iliyokufa, nikapigia wateja mmoja mmoja kuwauliza walilipia nini, iliniuma sana. RAID sio bakapu, ukifuta kimakosa inafuta kote. Na Machi 2021 kituo cha OVHcloud kule Strasbourg kiliungua moto, wapo waliopoteza kila kitu maana nakala zao zilikuwa humohumo. Toa databesi kila usiku saa nane kwa mysqldump (amri ya kutoa nakala ya databesi), nakala moja iende kampuni nyingine kabisa, nyingine ishuke kwenye ile mashine ya ofisini, na kila mwezi irudishe moja kwenye sava tupu uone kama kweli duka linafunguka.

Ukihifadhi majina na namba za wateja, hasa nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC) mapema.

Mwisho malipo. Bili zinakuja kwa dola na zinakatwa kwenye kadi, weka arifa ya kikomo cha matumizi siku ileile unayofungua akaunti, na tarehe ya kadi kuisha iandike kwenye kalenda ya simu, maana kadi ikigoma na barua pepe zao huzisomi, akaunti inasimamishwa na baadae mafaili yanafutwa.