Malezi ya mtoto yameshaamuliwa mahakamani: jinsi ya kulalamika THBUB, na pale Tume inapofungwa mikono

Kabla hujaandika barua kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora (THBUB) ya Tanzania, soma upya amri ya mahakama. Unacholalamikia ni uamuzi wa hakimu, au ni uzembe wa ofisi fulani?

Sheria ya Tume ya mwaka 2001 inaizuia kuchunguza shauri lililoko mahakamani. Likishaamuliwa, Tume haiwezi kutengua hukumu. "Mwenzangu kapewa mtoto wakati mimi ndiye mwenye kipato" ni hoja ya rufaa, hata ukiiandikia kurasa kumi.

Basi anza na rufaa, maana siku zinahesabiwa. Omba nakala ya hukumu kwa maandishi, ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kwa mashauri ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kutoka Mahakama ya Mwanzo unakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Wilaya au kwa Hakimu Mkazi unakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na rufaa unaiwasilisha pale pale palipotolewa uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakizunguka ofisi za malalamiko.

Kama hukumu ilikuwa sawa ila mambo yamebadilika, tuseme anayekaa na mtoto amemwachisha shule, hiyo si rufaa. Kifungu cha 133 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinakuruhusu kuiomba mahakama ibadilishe amri yake.

Hakimu akiomba rushwa, nenda TAKUKURU. Akikosa maadili, kuna Kamati za Maadili ya Maafisa wa Mahakama, ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya na ya mkoa chini ya mkuu wa mkoa. Nazo hazigusi hukumu.

THBUB inabaki na nini? Utendaji wa ofisi za umma. Mfano ni afisa ustawi wa jamii anayekalia taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyoagizwa na mahakama. Hapo andika jina na anwani yako, ofisi unayoilalamikia, tarehe, ulichokwishafanya na majibu uliyopewa, kisha ambatisha nakala, si hati halisi. Huduma ni bure. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo ofisini kwao. Omba kinachowezekana: afisa awasilishe taarifa. Ukiomba urudishiwe mtoto, utajibiwa uende mahakamani.