Somo: Kuzitambua seli shina za uboho kwa CD34

Kama umezoea kupima CD4 kwa flosaitomita (mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga), nusu ya kazi hii unaijua: CD34 nayo ni alama iliyo juu ya seli. Ila limfosaiti zimejaa tele, wakati seli zenye CD34 kwenye uboho wa mtu mzima ni asilimia 1 hadi 2 tu, na nyingi kati ya hizo si seli shina halisi (seli mama za damu) bali vizazi vyake vya karibu.

1. Omba mvuto wa kwanza wa uboho, kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia kuganda). Daktari akiendelea kuvuta, damu ya mishipani inaingia na kuuzimua.

2. Mikrolita 100, seli nyeupe zisizidi milioni 1. Ongeza kingamwili CD45-FITC na CD34-PE (CD45 ni alama ya seli nyeupe; FITC na PE ni rangi zinazong'aa), pamoja na 7-AAD ya kufichua zilizokufa. Mng'ao wa PE ni mkali, ndiyo maana tunaipa CD34, ambazo ni chache. Dakika 20 gizani.

3. Pasua seli nyekundu kwa kloridi ya amoni. Usioshe. Weka kwenye barafu, soma ndani ya saa moja.

4. Hapa ndipo watu wanapokwama. Tunafuata utaratibu wa 1996 wa ISHAGE, chama cha kimataifa cha tiba ya seli za damu. Toa zilizokufa, zungushia geti (mpaka unaochora kwenye grafu) zote zenye CD45, humo chukua zenye CD34. Usihesabu bado! Zitazame upya, CD45 dhidi ya mtawanyo wa pembeni (mwanga unaotawanywa na chembechembe za ndani ya seli): zile za kweli hujikusanya kishada kimoja, CD45 hafifu, mtawanyo mdogo, kushoto kwa limfosaiti. Zilizozagaa juu ni granulosaiti na uchafu ulionasa rangi ovyo. Soma mpaka upate CD34 zisizopungua 100.

Maswali

*Mwalimu, kwa nini tusioshe?*
Kila ukizungusha sentrifuji unapoteza seli, na huwezi kujua ni zipi.

*Uboho wa mtoto wa miaka 3 umetoa CD34 nyingi mno. Ni leukemia?*
Usikimbilie huko, ndugu yangu. Ongeza CD19 na CD10, alama za seli B changa. Watoto wana seli B changa nyingi, na zile changa zaidi hubeba CD34. Slaidi nayo isomwe kabla hujaandika chochote.

*Nimeotesha seli za uboho, zimeshika chupa vizuri, lakini CD34 hakuna kabisa.*
Hizo ni seli za mesenkaima (za tishu unganishi), ukoo mwingine, si wa damu. Kigezo cha kimataifa cha 2006 kinataka CD73, CD90 na CD105 zifike asilimia 95, na CD45 na CD34 zisizidi 2. CD90 peke yake isikudanganye: seli shina za damu nazo zinayo.