Kurekebisha skripti ya Python inayoanguka ndani ya GDB

GDB ni programu ya kutafuta makosa ndani ya programu nyingine, na tangu toleo 7.0 la mwaka 2009 ina kitafsiri cha Python ndani yake. Wengi hukitumia kuandika skripti za kuonyesha data kwa sura inayosomeka, na skripti hizo huanguka hasa pale unapozihitaji zaidi.

Hatua ya 1. Chapisha data bila skripti: `print/r orodha` (`orodha` ni kigeu cha mfano; `/r` huiruka skripti). Ikitoka salama, kagua skripti yako kabla ya kuishuku programu unayoichunguza.

Hatua ya 2. Kwa kawaida GDB hutoa ujumbe wa kosa tu. Andika `set python print-stack full`, kisha chapisha tena bila `/r`, uone mstari wenyewe ulioangusha skripti.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Tazama kipande hiki:

```
def to_string(self):
    try:
        k = self.val['kichwa'].dereference()
    except gdb.MemoryError:
        return 'haisomeki'
    return 'vitu %d' % int(k['idadi'])
```

Kinaonekana kimejikinga, lakini `gdb.MemoryError` (kosa la kumbukumbu isiyosomeka) inapita bila kudakwa. Sababu ni kwamba `gdb.Value`, yaani thamani ambayo GDB huipa skripti, ni mvivu: `dereference()` haisomi kumbukumbu ya kule kielekezi (kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu) kinakoelekea. Usomaji unafanyika pale `int` inapodai namba, na hapo tumeshatoka nje ya `try`. Ongeza mstari mmoja chini ya `dereference()`, ndani ya `try`:

```
        k.fetch_lazy()
```

Sasa kosa linatokea pale linapodakwa. Usikimbilie `except Exception` juu ya kila kitu. Utaficha hata jina la sehemu ulilolikosea tahajia, nalo ni kosa unalopaswa kuliona.

Hatua ya 4. Pakia upya kwa `source` bila kufunga GDB. Ikilalamika kwamba jina limeshasajiliwa, ipe `register_pretty_printer`, fanksheni inayosajili skripti yako, hoja ya `replace=True`. Skripti iliyoingizwa kwa `import` inahitaji `importlib.reload`, kwa sababu Python huhifadhi moduli iliyokwisha kuisoma.

Hatua ya 5. Jaribu penye hali mbaya: weka `break` (alama ya kusimamisha programu) kwenye fanksheni inayotangaza `orodha`, na programu ikisimama, kabla `orodha` haijapewa thamani, andika `info locals` kuona vigeu vya ndani ya fanksheni. Kielekezi chenye takataka kitoe `haisomeki`. Takataka ikisomeka kwa bahati, `idadi` inaweza kuwa kubwa mno. Kama skripti yako inazungukia vitu vyote, weka kikomo, mathalani 200, la sivyo GDB itaganda.