Kuzunguka Bonde la Kerio kwa baiskeli kutoka Iten

Mzunguko huu huanzia Iten, mji wa Kenya uliojengwa kwenye ukingo wa Elgeyo katika kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hurudi pale pale. Kutoka Iten utateremka kupitia Tambach hadi Biretwo, uelekee kusini chini ya ukuta wa bonde hadi Kimwarer, upande hadi Nyaru, kisha urejee kwa barabara ya juu inayopitia Kaptarakwa. Ramani itakushawishi kwamba siku moja yatosha. Ninashauri siku mbili, kwa sababu sakafu ya bonde iko zaidi ya mita elfu moja chini ya Iten, na kila mita uliyoteremka asubuhi bila jasho utaidaiwa ukiwa umechoka.

Jambo la kupanga kabla ya lingine lolote ni saa ya kupanda. Wengi hudhani kwamba mlima hupandwa alfajiri, na kwingineko ni kweli, lakini ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki: jua likichomoza nyuma ya milima ya Tugen, iliyo ng'ambo ya bonde, huupiga uso wake moja kwa moja hadi adhuhuri. Alasiri mambo hugeuka. Jua hujificha nyuma ya ukingo, na kivuli huanza kuteremka juu ya barabara ile ile iliyokuwa tanuri saa chache kabla. Kwa hiyo ondoka Iten saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pita bondeni kabla joto halijakomaa, pumzika Kimwarer chini ya mti mchana kutwa, uanze kupanda saa tisa au saa tisa na nusu. Ikiwa saa kumi imekukuta bado uko bondeni, lala huko huko, kwani barabara ya mlimani yenye kona nyingi si mahali pa kuendesha gizani.

Ninapendelea mwelekeo huu kuliko wa kinyume. Barabara ya Iten kwenda Kabarnet ina magari na malori, na ni afadhali uipite ukiteremka kwa mwendo unaokaribia wa magari kuliko kuyumbayumba juu yake ukipanda polepole.

Mteremko wa Tambach ndio utakaoipima baiskeli yako. Siku moja kabla, mpe fundi azikague breki, hasa unene wa pedi au raba, na abadilishe waya uliokatika uzi hata mmoja. Ukiteremka, usizibane breki mfululizo kwa woga, maana chuma hupata moto na breki hupoteza nguvu wakati unapozihitaji zaidi. Zibane kwa nguvu kabla ya kona, ziachilie ndani ya kona, na uzipumzishe panaponyooka. Ukisikia harufu ya kuungua, simama kando hadi zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji, kwa sababu chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupinda. Wapishe wanariadha watokao mazoezini asubuhi, kwani Iten ni mji wao kabla ya kuwa wako.

Ukifika Biretwo bado hujauona mto. Ukiwa na nafasi, endelea kidogo kuelekea Kabarnet hadi daraja la korongo la Chebloch, ambapo Mto Kerio hupenya katikati ya miamba iliyobanana ukielekea kaskazini, safari itakayoishia Ziwa Turkana. Utazame kutoka darajani tu, kwani mto huu una mamba. Kisha rudi Biretwo ushike njia ya kusini.

Sehemu hii ya bondeni ndiyo ninayoipenda kuliko zote: vumbi jekundu, mbuzi barabarani, maembe na mapapai msimu wake ukifika, na ukuta wa mlima mkono wa kulia muda wote, kiasi kwamba huwezi kupotea. Adui hapa ni miiba ya migunga. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, pampu na vyuma vya kubandulia tairi, na usiegeshe baiskeli kwenye nyasi kavu chini ya mgunga. Punguza upepo kidogo kwenye matairi ili yashike changarawe, ila usipunguze mno, jiwe likaja kubana tyubu kwenye rimu. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu, nawe uyaongeze katika kila kituo chenye duka hata kama chupa bado zina maji. Ukikutana na wazee, simama uwasalimu. "Chamgei", salamu ya Kikalenjin, ikitoka kinywani mwako, hata maelekezo ya njia utayapata kwa ukarimu zaidi.

Usifanye safari hii wakati wa mvua za masika. Kuta hizi huporomoka: mwezi Aprili 2020 maporomoko ya ardhi yaliua watu Chesongoch, kaskazini zaidi kwenye ukingo huu huu, na vijito vinavyoonekana vikavu huweza kujaa kwa dakika chache. Usielekee pia kaskazini ya Biretwo bila ushauri wa wenyeji, kwa kuwa wizi wa mifugo umeyasumbua maeneo hayo kwa miaka mingi, na pembeni mwa Hifadhi ya Rimoi kuna tembo. Hata kwa njia ya kusini, uliza hali ya usalama Iten kabla ya kuondoka.

Kimwarer ulikuwa mji wa mgodi wa madini ya fluorspa, na barabara ya kupanda hadi Nyaru ndiyo iliyokuwa ikipitisha malori ya mgodi huo. Ipande kwa gia nyepesi tangu mwanzo, ukiwa umekaa kitini, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Nyaru kuna baridi kuliko Iten, basi weka sweta na koti juu kabisa ya mkoba na uvivae mara tu unapofika, kabla jasho halijapoa mwilini. Lala huko juu. Kesho yake utabaki na barabara ya ukingoni tu, kati ya mashamba ya viazi na ng'ombe wa maziwa, ikipanda na kushuka kwa upole hadi Iten, huku bonde lote ulilolipita jana likiwa limetandazwa mkono wako wa kulia.