Mlioko nje, hela yenu mnajua inaishia wapi?

Nawaandikia nikiwa huku Buhongwa, Mwanza, na mimi ndo yule ndugu anayepokea. Dada yangu yuko Uingereza, mdogo wangu yuko Marekani, hela ya mama na hela ya ujenzi zote zinapita kwenye simu yangu, kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona kwenye meseji za miamala.

Wengi mna daftari mbili kichwani. Kodi ya nyumba, basi, chakula na bili ya umeme ya huko ndo mnaita matumizi, halafu ya nyumbani mnaita msaada na haihesabiwi popote. Ichukue steitimenti ya mwezi uliopita, kaa nayo siku ya ofu, andika kila kilichotoka pamoja na vya nyumbani kwenye karatasi moja, usijihukumu kwanza, andika tu. Utashangaa maana kinachokula sana mara nyingi siyo ada ya shule wala saruji. Ni ile elfu ishirini ya gesi, elfu thelathini ya "nitumie haraka nitakueleza", elfu hamsini ya mchango wa send-off ya mtoto wa jirani yetu wa zamani Kirumba ambaye hata sura humkumbuki, na zote umetuma siku tofauti, kila siku na makato yake.

Na makato yenyewe yako sehemu mbili, watu wanaangalia moja tu. Kuna ada ya kutuma, halafu kuna reti. Tuseme pauni siku hiyo ni 3,400 na kampuni ya kutuma hela wanakupa 3,300, kwenye pauni 200 umeshaacha shilingi 20,000 hata kama wameandika kutuma ni bure. Angalia shilingi ngapi zinafika kwenye simu ya huku, hiyo ndo bei. Zikishafika pia tusikimbilie kwa wakala kuzitoa, duka la vifaa likiwa na lipa namba nalipia humo humo kwenye simu, na risiti nakutumia.

Kwa hiyo hela ya nyumbani ipe tarehe na kiwango kama kodi. Mwambie mama tarehe 5 inaingia kiasi fulani, ikiisha imeisha mpaka tarehe 5 nyingine. Wiki za kwanza zitakuwa na maneno, shangazi atasema umebadilika, vumilia, watu huku tunapanga vizuri tu tukijua hela inakuja lini. Tunachoshindwa kupanga ni hela ya kushtukiza. Michango nayo iwekee fungu la mwaka mzima, ukiona kadi ya harusi imeandikwa dabo na fungu limebaki la singo, we toa ya singo, harusi itafanyika.

Sasa madeni, hapa niseme kwa ukali kidogo. Huku tuna mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kuumiza, na nyie mnatucheka, lakini hiyo kadi ya mkopo mnayolipa kile kiwango cha chini kila mwezi ni ndugu yake kabisa, imevaa suti tu. Ukiwa na deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, mwezi mmoja riba peke yake ni dola 60, na dola ikiwa 2,500 hivi hiyo ni laki na nusu, imetoka na deni liko pale pale. Halafu mtu anachukua kadi hiyo hiyo kutuma hela ya msingi! Viwanja vyetu vya milimani mnavijua, fundi anaanza kuchimba anakuta jiwe, jiwe lipasuliwe, ukuta wa kuzuia udongo ujengwe, bajeti ya msingi inapaa kabla hujaona tofali. Nyumba ya namna hiyo jenga kwa hela uliyonayo, ikisimama mwaka isimame, haiozi.

Na ndugu wa huku akikuomba umlipie deni, muulize kakopa wapi kabla hujatuma. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha ambazo hazina kibali, na wanaobanwa na watu kama hao wanaona aibu kusema, wanakwambia ni hela ya hospitali.

Kuweka akiba jifunzeni kwa wamama wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo hela ya giza hailiwi yote wakati wa giza. Ovataimu za Desemba ndo giza lenu, Januari masaa yanakatwa na mnaijua.

Akiba ya kwanza kabisa naona iwe ya msiba, tiketi ya kununua leo usafiri kesho mpaka Dar halafu uunge ndege ya Mwanza siyo ya mchezo, na wengi ndo hapo mnaingia kwenye kadi. Ifungulie akaunti yake huko huko uliko, kadi yake iache kabatini, na sisi huku usituambie ina shilingi ngapi.