Namna ya Kuweka Kamera ya Kukagua Bidhaa Kiwandani

Kabla ya kuchagua kamera, keti na wakaguzi wanaokagua bidhaa hizo kwa macho, uwaombe vipande halisi vyenye kila aina ya kasoro, kisha mkubaliane ni kasoro ya ukubwa gani isiyopaswa kupita.

Kasoro ndogo kabisa inayotafutwa ichukue angalau pikseli 3 (vinukta vinavyounda picha) katika picha. Ikiwa eneo linalopigwa picha lina upana wa milimita 210 na mkwaruzo mdogo kabisa ni wa milimita 0.3, pikseli moja isizidi milimita 0.1, yaani kamera iwe na pikseli zisizopungua 2,100 kwa upana. Mwendo nao una hesabu yake: mkanda unaobeba bidhaa ukienda milimita 500 kwa sekunde na picha ikachukua sekunde 1/1,000, bidhaa itasogea milimita 0.5 na mkwaruzo utafifia. Punguza muda huo hadi 1/5,000, kisha uongeze mwanga.

Mwanga ndio unaostahili sehemu kubwa ya muda wako, kwani programu inayochambua picha haiwezi kugundua kile ambacho mwanga haukukionyesha. Taa iliyo nyuma ya bidhaa huonyesha umbo lake kama kivuli cheusi, hivyo hufaa kwa kupima vipimo na kutambua matundu yaliyoziba. Taa iliyolazwa karibu usawa na uso wa bidhaa hufanya mikwaruzo ing'ae juu ya giza. Metali inayometa huhitaji kuba linalosambaza mwanga kutoka pande zote, la sivyo mmweko wenyewe utahesabiwa kuwa kasoro. Funika eneo zima, maana jua linaloingia dirishani alasiri si lile la asubuhi.

Programu hukosea kwa namna mbili: kupitisha kibovu na kukataa kizima. Pima kila kosa peke yake, kwa sababu asilimia ya jumla hudanganya: palipo na kibovu 1 kati ya 1,000, mtambo unaopitisha kila kitu huonekana sahihi kwa asilimia 99.9. Mwanzoni mwa kila zamu pitisha vile vipande vya kasoro. Kimoja kikipenya, simamisha kazi na ukague upya kila kilichotoka tangu jaribio la mwisho lililofaulu.

Hatimaye, weka kihisi mdomoni mwa pipa la vilivyokataliwa, ili mkanda usimame wenyewe endapo hewa inayosukuma kibovu kutoka mkandani imepuliza na hakuna kilichoanguka pipani.